Dagaa wa Masika ya 2020

Lori lililobeba magunia ya mama mdogo lilitoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwezi Mei 2020, likielekea Kigali kupitia mpaka wa Rusumo. Rwanda ilikuwa imefunga mipaka kwa wasafiri tangu Machi. Mizigo iliruhusiwa, ila kwa sharti jipya: dereva wa Tanzania aishie mpakani, gari lishikwe na mwenzake wa kule au mzigo uhamishwe. Madereva wetu wakagoma, foleni ikarefuka.

Dagaa hawasubiri foleni. Kilo tatu hadi nne za wabichi hutoa kilo moja tu ya wakavu, na ukavu una kipimo chake: ukimkunja, avunjike kwa mlio. Akipinda, bado. Jua la masika ni la kubahatisha, na mama mdogo alianika mchangani juu ya nyavu kuukuu, maana chanja ni za wenye mtaji. Mchanga ukilowa, dagaa hunyonya maji kwa chini huku juu anaonekana mkavu. Ukimfunga hivyo, gunia linapata joto kwa ndani na ukungu unaanzia katikati. Turubai la lori linamalizia. Safari ingekuwa ya siku mbili, mzigo ungepona.

Kugeuza ilikuwa kazi ya mabinti zake, shule zikiwa zimefungwa. Kaka yao aliachiwa simu asome. Hakuna aliyeliona hilo kuwa la kuuliza.

Mzigo ukarudi. Juu ya gunia dagaa walikuwa bado weupe, wanang'aa. Katikati wekundu, wameshikana, wananuka uchachu. Mnunuzi alichota kiganja kimoja tu. "Hawa wa kuku, mama." Bei ya chakula cha kuku haikufika hata ile aliyonunulia ufukweni.

Tajiri wa mtumbwi alishalipwa taslimu siku ileile ya kuvua. Mwenye lori alidai nauli ya kwenda na ya kurudi. Wenye viwanda vya sangara nao walikosa ndege za Ulaya, lakini kiwanda kina vyumba vya baridi na benki ya kuzungumza nayo. Mama mdogo alikuwa na mkopo wa kausha damu, marejesho kila Jumatatu, na afisa mkopo hakuwa na habari na Rusumo.

Giza lililofuata, zile siku zisizo na mwezi ambazo dagaa huvuliwa, hakununua. Alimwanikia mwenye chanja kwa malipo ya kila ndoo, mabinti wakigeuza. Shule zilipofunguliwa 29 Juni, kaka alirudi siku ya kwanza. Wao walisubiri mbalamwezi, mitumbwi ipumzike.