Masaa mawili ya kunyonyesha

Juzi usiku binti yangu kanipigia toka Mbeya, mtoto analia kwa nyuma, shikamoo yenyewe hata sijaiitikia vizuri kashauliza, "Mama, hivi ni kweli mtu akirudi kutoka likizo ya uzazi anaruhusiwa kutoka kwenda kunyonyesha, au ni maneno tu ya watu?" Likizo yake inaisha wiki ijayo. Nikamjibu papo hapo, ni kweli mwanangu, mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, iko kwenye sheria, sio hisani ya mtu. Akafurahi sana. "Ndo maana nakupenda, we mama unajua kila kitu." Simu ikakatika nikabaki nimekaa pale pale kwenye kochi mpaka mzee akaja kuuliza kuna msiba gani.

Nilijua, ndiyo. Hata mwaka 2009 kule Mafinga nilikuwa najua.

Kile kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kilikaa kwenye droo yangu ya kulia, nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kifungu cha 33 nilikuwa nakisema kwa kichwa: siku 84 zenye malipo, siku 100 kwa aliyejifungua mapacha, na mama anayenyonyesha apewe muda mpaka masaa mawili kwa siku. Nilikuwa ndo nimepandishwa kuwa mkuu wa utumishi, miezi nane tu, mwanamke peke yangu kwenye kikao cha menejimenti, wengine wote sita wanaume.

Wanaoijua Mafinga mwezi wa saba wanaijua. Ukungu mpaka saa nne asubuhi, mikono inakufa ganzi, mtu anaandika na glovu. Ofisi yetu ilipakana na kiwanda chenyewe, mashine za kupasulia mbao zikiwaka huongei mpaka upaze sauti, na harufu ya paini mbichi inakuganda mpaka kwenye nywele, mpaka leo nikipita mahali wanaranda mbao tumbo linanikaza.

Huyo dada alikuwa mhasibu msaidizi. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ulishahuishwa mara tatu, kazi yake safi haina doa. Alirudi likizo yake ilipoisha, mtoto ana miezi mitatu hivi. Siku ya pili tu akaja ofisini kwangu, kavaa sweta la kijivu, kakumbatia faili kifuani. "Kamwene dada." Nikamkaribisha kiti akakataa, akasema anataka kusema jambo dogo tu asinipotezee muda. Ikabidi anisogelee sababu ya kelele. Akaanza kuniambia mdogo wake anamleta mtoto kila siku lakini mlinzi kakatazwa kuwaruhusu, wanakaa nje ya geti chini ya mikaratusi na baridi lile, sasa anaomba hata nusu saa mchana aende getini amnyonyeshe.

Hapo hapo ikagonga saa nne, muda wa chai, mashine zikazimwa zote kwa pamoja. Kimya kile, aliyefanya kazi kiwandani anakielewa, masikio yanabaki yanavuma. Alafu ndani ya kile kimya tukasikia mtoto analia. Kwa mbali, huko getini, analia ile sauti imeshaanza kukauka. Wote wawili tukanyamaza. Akashusha faili bila kujua, nikaona kwenye sweta maziwa yanatoka, madoa mawili yanakua mbele ya macho yangu, yanashuka. Mimi mwenyewe nimezaa watatu, najua titi likisikia mtoto halisubiri ruhusa. Akaona ninapoangalia, akarudisha faili haraka, akasema, "Samahani dada." Samahani! Aniombe mimi samahani.

Nikamwambia nitaongea na bosi. Ningeweza kumwambia nenda sasa hivi, geti liko hatua mia. Sikumwambia. Akarudi mezani kwake na lile sweta bichi.

Kikao kilikuwa kifupi mno. Bosi akasema ukimpa mmoja kesho watataka wote, tena mkataba wake si unaisha mwisho wa mwezi, usihuishe, yaishe kimya kimya. Alafu akanigeukia, "Au mama unaonaje?" Wote wakaniangalia. Kwenye ile meza nilishasikia mara ngapi kwamba wanawake hawafai uongozi, huruma zimezidi, na mimi miezi yote nane nilikuwa nahangaika kuwaonyesha siko hivyo. Nikasema sawa.

Barua niliichapa mwenyewe. Nilijua kabisa mtu aliyehuishiwa mkataba mara tatu ana haki ya kutarajia wa nne, na kumnyima namna ile sheria inahesabu ni kuachishwa kazi. Alipoisoma akaikunja mara nne, akauliza kwa upole, "Dada, hakuna sehemu ninaweza kwenda?"

Ipo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Iringa mjini, nauli tu ya basi, na mtu ana siku 30 toka aachishwe kupeleka lalamiko. Nikamwambia, "Sijui, ngoja nikuulizie."

Nilihesabu zile siku kwenye kalenda ya ukutani. Sijawahi kumwambia mtu hili, hata mzee hajui. Ya ishirini, ya ishirini na tano, kila basi la Iringa likipiga honi barabarani moyo unanilipuka. Siku ya 31 nililala usingizi mzito, nikaamka nimepumua. Huo usingizi ndo unaonitesa kuliko hata barua.

Kiwandani niliendelea miaka minne zaidi. Yule dada nimemuulizia, wapo wanaosema alienda kwao Makambako, wapo wanaosema Songea, sijampata. Yule mtoto sasa hivi ni kijana mkubwa.

Toka Rais Samia aapishwe Machi 2021 nimeshaitwa semina nyingi za wanawake na uongozi, tunaambiwa tukiwaweka wanawake juu wenzao watapona. Napiga makofi, natamani kweli iwe hivyo. Lakini mimi nilikuwa juu.

Jana nikampigia tena binti yangu. Nikamuuliza ofisini kwenu anayeshughulika na mambo ya ruhusa ni nani. Akasema, "Aa mama usiwe na wasiwasi, mkuu wetu wa utumishi ni mwanamke, ana watoto, nitamfuata tu nimwambie kwa mdomo, atanielewa." Nikakaa kimya muda mrefu mpaka akadhani mtandao umekata.

Nikamwambia, "Andika barua mwanangu. Akugongee muhuri wa kupokea, kopi ubaki nayo. Na mtoto usimwache getini."