Jinsi nilivyotatua orodha isiyojisasisha katika Knockout

Orodha ya kazi niliyoiunganisha na ukurasa wa wavuti kwa Knockout, maktaba ya JavaScript inayosasisha ukurasa data inapobadilika, ilikuwa na tabia ya kutatanisha: kazi mpya ilionekana papo hapo, lakini nilipobadilisha hali ya kazi iliyokwishamo kwa kuandika `kazi.tayari = true`, ukurasa ulibaki vilevile, ingawa konsoli ya kivinjari ilithibitisha kwamba thamani imebadilika. Chanzo chake ni kwamba `ko.observableArray`, yaani safu ya Knockout iliyoshika orodha hiyo, hufuatilia tu vitu vinavyoongezwa au kuondolewa katika safu, wala haichunguzi sifa za kila kitu, kama `tayari`.

Kwa hiyo niliifanya sifa yenyewe ifuatiliwe, `tayari: ko.observable(false)`, kisha nikaibadilisha kwa kuiita kama funksheni, `kazi.tayari(true)`. Mabano haya yanastahili uangalifu mkubwa, kwa sababu ukitumia alama ya usawa unaifuta funksheni yote pamoja na uhusiano wake na ukurasa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya. Ndani ya `data-bind`, sifa ya HTML inayounganisha kipengele cha ukurasa na data, jina tupu linatosha katika `checked: tayari`; ila katika usemi kama `visible: !tayari()` mabano ni ya lazima, maana bila hayo unakanusha funksheni, ambayo daima huhesabiwa kuwa kweli, na kipengele hakitaonekana kamwe.