Nyabyeya: kanisa lipo, madarasa ya udongo yalikwenda wapi?

Mgeni akifika Nyabyeya, wilaya ya Masindi nchini Uganda, kando ya msitu wa Budongo, huonyeshwa kanisa la Wapolandi na makaburi yao. Madarasa haonyeshwi, na hilo linauma, maana hapo palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kambi ile ilijaa watoto.

Wapolandi hawa walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti kuanzia 1940, wakatupwa Siberia na Kazakhstan. Mapatano ya Julai 1941 kati ya serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni na Wasovieti yakawafungulia njia, wakapitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu wakaingia Uganda: wengine Nyabyeya, wengine Koja, kando ya Ziwa Victoria. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Masomo yalikuwa kwa Kipolandi, kwani matumaini yalikuwa kurudi nyumbani. Vitabu vilikuwa haba. Baadhi vilichapwa Jerusalem. Kambi ya Nyabyeya ilivunjwa 1948, lakini mashariki ya nchi yao ilikuwa imeshachukuliwa na Wasovieti, kwa hiyo wengi waliishia Uingereza, Kanada na Australia.

Kanisa lilijengwa imara likadumu. Nyumba za kambi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa nyasi, na ujenzi wa namna hiyo una maadui watatu.

Kwanza mchwa. Nguzo huchimbiwa chini kama sentimita 60, na sehemu iliyozikwa ndiyo inayoliwa. Ukiichoma moto mpaka ngozi ya nje iwe makaa, huenda ukachelewesha kidogo, lakini hutamshinda mchwa. Ukuta huonekana mzima huku nguzo ndani imebaki ganda.

Pili mvua. Fito hufungwa pande zote mbili za nguzo, katikati hushindiliwa udongo, kisha hukandikwa. Udongo wa kichuguu hushika vizuri. Udongo ukiwa wa mfinyanzi kupita kiasi hupasuka unapokauka, ndipo huchanganywa mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Paa lisipotokeza nje ya ukuta angalau sentimita 60, matone yanayoruka kutoka ardhini hula ukuta kwenye kitako, na hapo ndipo nyumba hulala.

Tatu ni paa lenyewe, na hapa darasa lina shida isiyo ya nyumba ya kuishi. Jikoni moshi hupanda kila siku, hukausha nyasi na kufukuza wadudu. Darasani hapapikwi kitu. Nyasi zake hubaki na unyevu msimu wote wa mvua, na paa lenye mwinamo mdogo huoza mapema zaidi. Lazima liezekwe upya kila baada ya miaka michache. Wenye kuezeka wakiondoka, mvua huingia kwa juu, udongo hurudi kuwa udongo, na misimu michache inatosha kumaliza kazi.

Hata hivyo alama hubaki. Shimo la nguzo iliyooza hujaa udongo laini, mara nyingi mweusi kuliko ardhi nyekundu inayolizunguka. Kwangua juu juu kwa jembe, sentimita 10 tu, mwagia maji kidogo, subiri dakika chache: madoa ya mviringo hujitokeza. Yakifuatana kwa mstari na kwa nafasi sawa, hapo palikuwa na ukuta. Sakafu iliyokanyagwa na watoto miaka kadhaa huwa ngumu, na jembe hulia tofauti. Piga vigingi, pima kwa futi kamba, chora, kisha rudishia udongo kabla trekta la kulimia miwa halijapita.