Mguu ni wa nani?

Jumanne nilimpeleka Mama kliniki moja hapa Kawangware, jipu la mguu limemvimba. Daktari akanigeukia mimi: "Unakubali tumpasue?" Mama, miaka 78, masikio mazima kabisa, akagonga bakora sakafuni: "Kwani mguu ni wa nani?" Nikaona haya, maana kalamu nilishaishika.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 9, inataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Akiwa hajiwezi, wanaoweza kuridhia ni pamoja na aliyemteua kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama. Kuwa kifungua mimba tu hakutajwi (kaka yangu hataki kulisikia hili).

Jioni Mama akaomba karatasi. Akaandika jina langu polepole, herufi kubwakubwa, kisha akaikunja na kuitia kwenye kopo la majani ya chai.