Kutoka jeshini hadi nyumbani: kuitunza imani kambini na baada ya kurudi

Bwana asifiwe. Nimerudi Nakuru baada ya miaka katika jeshi la nchi kavu la Marekani. Vijana wa kanisani wanaotaka kujiunga, na wenzangu wanaojiandaa kurudi, wananiuliza jambo lilelile: mtu anaishikaje imani kule? Wakenya waliopitia jeshi hilo si wachache, wengine wakiingia kwa mpango wa MAVNI ulioanza 2009 na kuchukua wahamiaji wenye lugha zilizohitajika. Haya ni ya kutumika, kwa anayekwenda na kwa anayerudi.

Kuruti hukaa wiki 10 katika mafunzo ya awali. Simu hupewa kwa nadra, kwa hiyo nyimbo za injili na mahubiri ya kwenye mtandao vyote vinakatika ghafla. Biblia ndogo inaruhusiwa. Lile Agano Jipya la Wagidioni lenye Zaburi na Mithali linaingia kwenye mfuko wa kombati. Litie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, maana jasho na mvua huharibu karatasi zile nyembamba upesi sana. Jumapili kuna muda wa ibada. Nenda hata kama wenzako wamebaki kufua na kupanga makabati.

Jumapili peke yake haitoshi, kwani mtu huvunjika moyo Jumatano. Funga sala zako kwenye saa ambazo jeshi lenyewe limekupangia. Lindo la usiku bwenini kwa kawaida huchukua muda wa saa moja, na hapo ndipo pa kukariri zaburi kimoyomoyo huku macho yakiwa kazini. Anza na ya 121, yenye mistari 8: mistari miwili kila zamu, na kwa zamu nne umeimaliza. Fuata na ya 23, halafu ya 130. Utazihitaji zaidi wakati ambapo huna mkono wa kushika kitabu wala taa ya kukisomea.

Matembezi ya mzigo yanataka sala ya namna nyingine. Kipimo cha beji ya umahiri ya askari wa miguu ni maili 12, karibu kilomita 19, ndani ya saa 3, ukiwa na ratili 35 mgongoni, yaani karibu kilo 16. Sala ndefu hapo haiendi, pumzi haitoshi. Tumia maneno machache: "Bwana Yesu" ukivuta pumzi, "unirehemu" ukiitoa. Na tafadhali, malengelenge hayakemewi. Badili soksi kila mnapopumzika na unywe maji kabla ya kiu.

Sasa kasisi wa kikosi. Kwa kawaida kila batalioni ina wake, pamoja na msaidizi. Kasisi habebi silaha. Msaidizi hubeba, na ndiye anayemlinda. Jambo ambalo wengi wetu hawaliamini ni hili: unayomwambia kasisi faraghani kama mchungaji wako hayatoki bila idhini yako, hata kwa kamanda, hata ukisema umefikiria kujiua. Msaidizi naye amefungwa na siri hiyo. Daktari ana hali zinazomlazimu kuripoti. Kwa hiyo anayehofia cheo chake aanzie kwa kasisi, kisha amwombe amsindikize kwa daktari. Usikae ukimsubiri kasisi wa dhehebu lako. Kama yeye ni Mlutheri na wewe ni Mkatoliki, ushauri atakupa vilevile, na ukihitaji sakramenti ni wajibu wake kukutafutia anayeweza kuitoa.

Zaburi ya 91 inapendwa mno na askari, nami naipenda. Lakini ikigeuzwa hirizi inaumiza watu. Askari anaushika mstari wa 7, wa elfu kuanguka ubavuni pake, halafu aliyeanguka ni rafiki yake aliyeisoma zaburi hiyohiyo asubuhi ile. Hapo imani hupasuka, au aliyebaki hujiona mwizi wa uhai. Kumbukeni kwamba mistari ya 11 na 12 ndiyo Ibilisi aliyoitumia kumjaribu Yesu juu ya hekalu, katika Mathayo 4. Isome pamoja na Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila jibu. Askari anahitaji maneno ya siku ambayo ulinzi haukuonekana.

Tofautisha pia hofu na jeraha la dhamiri. Hofu hupungua ukipata usalama, usingizi na matibabu. Lakini aliyefanya, au aliyeona na kunyamaza, jambo analojua ni baya, mzigo wake hauondoki kwa kulala. Huyo anahitaji kuungama mbele ya mtu asiyeshtuka na asiyekimbilia kusema "Mungu ameshakusamehe" kabla hajasikiliza hadi mwisho.

Kwa wanaorudi, someni Hesabu 31, mstari wa 19. Askari waliotoka vitani waliambiwa wakae nje ya marago siku saba na kujitakasa siku ya tatu na ya saba. Jirani zetu Waacholi wa Uganda nao wana desturi ya anayerudi kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani. Sisi tunampa mtu maikrofoni Jumapili ya kwanza! Mpigie mchungaji kabla ya safari: ushuhuda usubiri miezi kadhaa, nawe kanisani ukae karibu na mlango, mbali na spika.

Ratiba nayo itakufa. Kambini mazoezi huanza saa 12:30 asubuhi, na sala iliyofungwa kwenye gwaride hukosa pa kushika hapa nyumbani. Ihamishie kwenye chai ya asubuhi na kufunga geti usiku. Dawa usiziache kwa sababu umeombewa. Zikikatwa ghafla dalili hurudi kwa nguvu. Na kabla ya kuondoka Marekani, chukua barua ya idara ya maveterani inayotaja maradhi yaliyotokana na utumishi, kwani mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi hulipia hayo.

Halafu mtafute mwenzako. KDF, jeshi la Kenya, iliingia Somalia Oktoba 2011, na katika makanisa mengi yuko aliyepita huko, amenyamaza kwenye benchi la nyuma. Kutaneni wawili au watatu kila wiki, kwa muda wa saa moja, bila kipaza sauti. Kila mmoja asome zaburi 5 kwa siku, zote 150 zitaisha kwa siku 30, nanyi mkikutana mwulizane ni ipi iliyokataa kusomeka.