Kioo cha Harker
Jana nimemaliza Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya 1897 kuhusu mnyonya damu. Nilidhani meno ndiyo yatakayonisumbua, kumbe kioo.

Jonathan Harker, wakili Mwingereza, ananyoa ndevu ndani ya kasri kule Transylvania. Mwenyeji wake, Dracula, anamshika bega kwa nyuma, lakini kiooni hakuna mtu! Harker anashtuka na kujikata. Dracula akiona damu anamrukia kooni, mkono unagusa shanga zenye msalaba, ghadhabu inakatika papo hapo. Kisha anakitupa kioo nje ya dirisha.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hana taswira kwa sababu hana roho. Sawa, ila mimi naona zaidi. Kwenye kile kioo Harker anaona uso mmoja tu, wake mwenyewe. Na kurasa kadhaa mbele Dracula anateremka ukutani usiku, kichwa chini kama mjusi, kavaa nguo za Harker! Mama aliyeibiwa mtoto anakuja uani, anaona uso wa Harker dirishani, anamlilia yeye amrudishie mwanawe. Basi zimwi ni nani hapo?

Ule msako wa masanduku 50 ya udongo anamolala Dracula ulinichosha, sifichi.

Sasa naanza Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya 1872. Huyu mnyonya damu ni binti mrembo, anapokelewa nyumbani kwa watu kwa huruma baada ya ajali ya gari la farasi. Aliyeisoma asinisimulie mwisho, tafadhali.