Mtumbwi NEEMA na mtumbwi Neema: herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili

Katika wiki za giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo angani na dagaa hufuata taa ya mvuvi, mwaloni hakuna anayelala sana. Mitumbwi hufika alfajiri, ndoo zinahesabiwa, karani anaandika kikaratasi, anakipiga picha kwa simu, kisha anaipa picha hiyo jina la mtumbwi. Mimi ndiye niliyeandika programu inayopokea picha hizo kwa ajili ya kikundi kimoja cha wanunuzi hapa Mwanza, na ninaandika leo kuhusu kosa nililolifanya ndani yake, kosa lililosababisha mzee mmoja kutoka Ukerewe alipwe ndoo 14 badala ya 41.

Mzee huyo ana mtumbwi ulioandikwa NEEMA ubavuni, kwa herufi kubwa tupu. Upo mtumbwi mwingine mdogo, wa mtu mwingine, ulioandikwa Neema. Karani wetu amezoea kuitofautisha mitumbwi kwa jinsi ilivyopakwa rangi, kwa hiyo aliandika majina kama alivyoyaona: NEEMA.jpg na Neema.jpg. Seva yetu, yaani kompyuta inayopokea picha, inatumia mfumo wa Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili yasiyohusiana, hivyo picha hizo zilikaa pamoja katika folda ya siku ile bila kugombana. Tatizo lilianza Ijumaa jioni. Mhasibu hufanya malipo ya Jumamosi akiwa mahali ambapo intaneti haitegemeki, kwa hiyo programu hunakili folda nzima kwenye flashi, naye huifungua kwenye kompyuta yake mpakato na kulipa kwa kufuata mafaili anayoyakuta humo.

Flashi ile ilikuwa na mfumo wa mafaili (utaratibu wa kupanga na kutafuta mafaili kwenye diski) wa FAT32, ambao hutunza jina kama ulivyoliandika lakini haujali herufi kubwa na ndogo unapolitafuta. Programu yangu iliyapanga majina kwanza, na kwa kuwa ndani ya kompyuta kila herufi ni namba, na E kubwa ina namba ndogo kuliko e ndogo, NEEMA.jpg lilitangulia kuandikwa. Ilipofika zamu ya Neema.jpg, programu iliomba faili lenye jina hilo lifunguliwe ili liandikwe. Mfumo wa flashi ukatafuta, ukaona lipo tayari, ukalifungua lilelile, na picha ya pili ikaandikwa juu ya ile ya kwanza. Hakukuwa na onyo lolote. Kilichobaki kwenye flashi kilikuwa faili moja lenye jina la mtumbwi mkubwa, na ndani yake kikaratasi cha mtumbwi mdogo. Mwenye mtumbwi mdogo hakuonekana kabisa kwenye malipo, na mzee akalipwa kwa hesabu isiyo yake. Kama faili la mzee lingepotea moja kwa moja, mtu angeuliza liko wapi. Lakini faili lenye jina sahihi na mambo ya mtu mwingine ndani yake halimshtui yeyote.

Jumatatu mzee alikuja mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akatoa nakala yake ya kikaratasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza na kuuliza, "Kijana wangu, ndoo zangu 27 zimekwenda wapi?" Alilipwa siku hiyohiyo, na yule mwingine pia. Nami nilitumia wiki iliyofuata nikijifunza jambo ambalo nilidhani nalijua.

Kwa kompyuta hakuna herufi, kuna namba. Katika ASCII, jedwali la zamani la namba za herufi, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97, na tofauti hiyo ya 32 haibadiliki hadi Z. Toleo la kwanza la mwaka 1963 halikuwa na herufi ndogo hata moja. Ziliongezwa mwaka 1967. Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanza mwaka 1969, ililichukua jina la faili kuwa mfuatano wa baiti tu, ikakataza mkwaju (/) na baiti ya sifuri peke yake, na Linux ikarithi msimamo huo. MS-DOS ya mwaka 1981 iligeuza kila jina kuwa la herufi kubwa, nane kabla ya nukta na tatu baada yake. NTFS, mfumo wa mafaili uliokuja na Windows NT mwaka 1993, ilichagua njia ya katikati: hukumbuka ulivyoandika, lakini kwa kawaida programu za Windows hutafuta bila kujali ukubwa wa herufi. Kompyuta za Apple nazo zilikwenda hivyo kwa mfumo wao wa mafaili wa HFS+ wa mwaka 1998. Mimi sioni upande uliokosea. Linux inamheshimu karani aliyekusudia kutofautisha mitumbwi miwili. Windows inamheshimu mtu aliyesahau kama jana aliandika Ripoti au ripoti. Madhara hutokea pale faili linapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na programu iliyolibeba haijui kwamba limevuka.

Dawa ya kwanza inayomjia karibu kila mtengenezaji programu, na ndiyo iliyonijia mimi, ni kugeuza majina yote mawili kuwa ya herufi ndogo kisha kuyalinganisha. Kwa Kiswahili inaonekana haina dosari, maana alfabeti yetu ni ya Kilatini isiyo na alama juu wala chini. Lakini baadhi ya lugha za programu hugeuza herufi kwa kufuata mipangilio ya lugha ya kompyuta husika, si lugha ya jina lenyewe. Chukua neno RISITI. Kituruki, tangu kilipopokea alfabeti ya Kilatini mwaka 1928, kina i mbili: moja yenye nukta, ambayo kubwa yake ni İ, na nyingine isiyo na nukta, ı, ambayo kubwa yake ni I. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki, RISITI hugeuka kuwa rısıtı, na rısıtı si sawa na risiti. Faili lenye mwisho wa .GIF nalo huwa .gıf, na programu inasema haijui hiyo ni picha ya aina gani. Usiseme Uturuki ni mbali: kompyuta za mtumba zinazouzwa mjini zinaweza kuja na mipangilio ya watu waliozitumia kabla yako.

Kwa hiyo, ukilazimika kulinganisha majina ndani ya programu yako, tumia ulinganisho usiofuata lugha yoyote. Katika C# ni OrdinalIgnoreCase. Katika Java, mpe toLowerCase ile Locale.ROOT badala ya kumwacha ajiamulie. Python ina casefold, amri ya kusawazisha herufi kubwa na ndogo, tangu toleo la 3.3, nayo ni nzuri kwa kutafuta maneno, ila huigeuza ß ya Kijerumani kuwa ss. NTFS haifanyi hivyo. Casefold itakuambia Straße na STRASSE ni jina moja, wakati diski inaweza kuyatunza yote mawili bila shida.

Mfano huo ndio ulionifikisha kwenye jambo ninaloliamini sasa kwa dhati, kwamba programu yangu haina mamlaka ya kuamua kama majina mawili ni ya faili moja. Mwenye mamlaka hayo ni mfumo wa mafaili unaoyatunza. NTFS hubeba ndani ya diski yenyewe jedwali lililofichwa, liitwalo $UpCase, lenye nafasi 65,536, linaloeleza kila herufi ndogo ina kubwa ipi. Jedwali hilo huandikwa siku diski inapofomatiwa, kwa hiyo diski mbili ndani ya kompyuta moja zinaweza kuwa na majedwali yanayotofautiana. Wala haitoshi kuuliza kama kompyuta inatumia Windows au Linux: tangu mwaka 2018 Windows 10 inaruhusu folda moja moja ijali ukubwa wa herufi, na tangu mwaka 2019 ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, inaruhusu folda isijali. Flashi yangu ya FAT32 ilikuwa imechomekwa kwenye Linux, na bado ilifuata kanuni zake yenyewe. Njia moja ya faili, yaani mfuatano wa folda unaolifikia, inaweza kupita katika mifumo mitatu kabla ya kufika mwisho.

Hata wakongwe wameteleza hapa. Mnamo Desemba 2014 iligundulika kwamba Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo hulinda kwa makini folda yake ya .git, ilikuwa inakubali hazina (folda ya mradi) yenye folda iitwayo .GIT. Kwenye Linux hilo halikuleta madhara. Kwenye Windows na Mac, folda hizo mbili zilikuwa ni moja, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kubadilisha mipangilio ya Git na kuendesha amri zake kwenye kompyuta yako. Toleo la 2.2.1 ndilo lililoziba tundu hilo.

Nilichokifanya mimi ni kuacha kukisia. Programu inapotaka kuandika faili jipya, hulifungua kwa sharti kwamba lisiwepo. Katika Python ni kuipa amri ya open herufi x mahali pa w. Kama mfumo wa mafaili unaona jina hilo limeshachukuliwa, kwa kanuni zake wenyewe, hukataa, na programu hupata kosa la wazi badala ya kufuta mali ya mtu kimyakimya. Kuuliza kwanza kama faili lipo na kuliandika baadaye hakutoshi, kwa sababu kati ya swali na tendo karani mwingine anaweza kuwa ametuma la kwake. Na ninapotaka kujua kama njia mbili zinaelekea kwenye faili moja lililopo, natumia amri ya samefile ya Python, ambayo hutazama faili lenyewe na si tahajia ya jina lake.

Pia nimeacha kutumia jina la mtumbwi kama jina la faili. Faili sasa huitwa kwa tarehe na namba ya mfululizo, tarakimu tupu, na jina la mtumbwi limo kwenye hifadhidata kama mwenyewe alivyolipaka ubavuni. Kulinganisha majina ni kazi moja na kuyabadilisha ni kazi nyingine. Programu haina sababu ya kumwandikia mzee neema kwa herufi ndogo eti iwe rahisi kutafuta.

Kwetu huku kuna jambo moja la ziada, ambalo kwa maoni yangu linasumbua kuliko ukubwa wa herufi. Wasukuma huuita mji huu Ng'wanza, na majina mengi ya hapa huanza na ng' hiyo. Ritifaa inayopigwa kwenye kompyuta kwa kawaida ni ile iliyonyooka, namba 39. Simu na programu za kuandikia nyaraka mara nyingi huibadilisha kuwa ile iliyopinda, ambayo kwenye Unicode, jedwali la herufi za lugha mbalimbali, ni herufi nyingine kabisa. Hakuna jedwali la kubwa na ndogo linaloziunganisha hizo mbili. Anayetafuta mtumbwi kwa jina anapaswa kuupata kwa ritifaa yoyote, kwa hiyo sehemu ya kutafuta huzigeuza zote kuwa iliyonyooka kabla ya kulinganisha, bila kugusa jina lililohifadhiwa.

Kabla ya kutoa toleo jipya la programu, sasa huandaa folda yenye mafaili sita: NEEMA, Neema, RISITI, risiti, na Ng'wanza mara mbili kwa ritifaa mbili tofauti. Huinakili kwenye seva, kwenye kompyuta ya mhasibu na kwenye flashi ileile ya mwanzo, kisha nafungua kila kilichoandikwa na kukisoma, maana hesabu ya mafaili peke yake isingenionyesha ndoo za yule mzee.